Kopo la Sarafu Zilizokataliwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Brightness kaniamsha alfajiri kwa kidole cha pua. Pua yangu, si yake. Meno mawili yanamtoka, na usingizi wangu unatoka nayo. Hata hivyo siku njema! Leo nimegundua kwamba sisi ni matajiri. Kilichobaki ni kujua kwa sarafu ipi.

Ilikuwa kliniki, kwenye foleni ya mizani. Mama aliyekuwa mbele yangu anatazama video kwenye simu, sauti juu kama yuko kwake. Kijana ndani ya simu anasema sarafu iliyokosewa kiwandani, yenye herufi mbilimbili au ukingo uliopungua, wageni wanainunua kwa mamilioni. Kwa sababu tu imekosewa! Mimi nakosea tangu nizaliwe, hakuna aliyenipa hata soda. Nikamwomba yule mama arudie. Akarudia mara tatu. Mara ya nne akaniuliza kwa upole kama mimi sina simu.

Brightness kilo nane na nusu. Nesi kasema namlea vizuri. Nimefurahi kuliko anavyojua.

Kufika nyumbani nikamwaga chenji zote kwenye ungo. Sarafu kumi na moja. Swala wanakimbia, simba wametulia, vifaru wamesimama. Wote wazima. Hakuna hata mmoja aliyekosewa! Nikakata tamaa kwa muda wa kubadilisha nepi moja. Halafu nikakumbuka kopo la Ziada.

Ziada ni jirani yangu, nyumba ya tatu, anakaanga vitumbua barazani kwake, mkabala na stesheni. Marehemu baba yake alikuwa na duka hapo hapo. Sarafu iliyokataliwa na wateja, iliyopinda, nyeusi, isiyosomeka, mzee aliitupia kwenye kopo la maziwa. Miaka ishirini! Kopo zima la sarafu zilizokataliwa. Sasa nani hukataliwa kama si aliyekosewa?

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Ziada na sura ya mtu asiye na shida. Nikasifu vitumbua. Nikasifu jiko. Nikasema nimeota marehemu baba yake. Ziada akaacha kugeuza kitumbua, akaniuliza nataka nini.

Nikamwambia nataka kuazima lile kopo wiki moja, nitazame tu sarafu za zamani, kumbukumbu. Akauliza kumbukumbu za baba yake mimi nazitakia nini. Brightness akanisaidia kwa kucheua begani kwangu.

Ziada si mjinga. Kopo hauzi, kasema, ni la baba. Kuazima sawa, ila niweke rehani. Akaitaja mwenyewe bila kupepesa: cherehani. Kichwa tu, meza nibaki nayo. Anataka kujaribu kushona foronya. Nikirudisha kopo kama lilivyo kabla ya jua kuzama Jumatano ya tarehe 18, nachukua changu. Nisiporudisha, au likirudi pungufu, cherehani yake moja kwa moja.

Hapa nieleze ili mtu asinione mwehu. Cherehani ile ni ya mama yangu mzazi. Alinikabidhi mwaka wake wa mwisho, akasema nisiiuze, wala nisiikopeshe. Hakusema chochote kuhusu rehani. Na kazi ipo: magauni manane ya kwaya ya akina mama, rangi ya zambarau, ya kuvaliwa Jumapili ya mavuno tarehe 22. Vitambaa vimeshakatwa. Mama mkwe wangu, Mama Teresia, ndiye anayeimba sauti ya pili na ndiye aliyenipigania nipewe kazi hiyo badala ya fundi wa sokoni.

Lakini nimepiga hesabu ya siku. Nikipata cherehani tarehe 18, magauni manane kwa siku tatu, nitawahi. Na mpango wenyewe ni halali kabisa. Nikiona sarafu iliyokosewa natoa, naweka nyingine ya thamani ile ile. Mia kwa mia. Kopo linarudi limejaa. Nani kaibiwa hapo?

Ziada kabeba kichwa cha cherehani kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nimegeuka nisione.

Jumatano, 11 Juni

Sarafu mia moja arobaini na tatu! Brightness kalala saa mbili nzima mchana, muujiza, nami nikazitandaza kwenye mkeka.

Tatizo la kwanza: nyeusi. Huwezi kumtofautisha swala na mbuzi. Nikachukua limau, majivu na mswaki wa zamani, nikasugua moja moja mpaka vidole vikachubuka. Zimeng'aa kama sahani za harusi!

Na makosa yaliyojitokeza! Moja ina mstari shingoni. Nyingine ukingo umepungua kama iliyoumwa. Nyingine herufi zina vivuli. Kama thelathini hivi herufi zao zimenona na kulegea, huoni mwaka. Na mfalme wao wote: hamsini iliyokuwa na pembe, sasa pana na nyembamba kama ganda la yai, kifaru na mtoto wake wamevutika wamekuwa mamba wawili. Kiwanda kizima kilikuwa kimelewa siku ile!

Nimemnyang'anya Brightness mia moja mdomoni mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia kwa ukali, hapana, hii si ya kula, na akalia, na mimi nikalia kidogo, halafu tukacheka. Kopo sasa linakaa juu ya kabati.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe anakaa ua huo huo, chumba cha pili. Masikio yake yangeweza kuajiriwa. Asubuhi kauliza mbona siku mbili hasikii cherehani. Nikasema nazikata nyuzi kwanza. Kauliza nyuzi zipi wakati sijashona. Nikasema ndizo hizo.

Alipokwenda kisimani nikafikiri haraka. Meza ya cherehani iko tupu, pengo kubwa. Nikachukua boga alilotuletea mwenyewe kutoka shambani Mvumi, nikaliweka mahali pa kichwa, nikafunika kwa kitambaa cha maua. Ukitazama kutoka mlangoni, cherehani kabisa!

Mama karudi, kasimama mlangoni. Kasema, "Naomi, hii cherehani mbona imevimba?"

Nikasema nimeifunika na blanketi ndani, vumbi. Akasema haya. Halafu akauliza boga lake liko wapi, alitaka tulipike na nazi. Nikasema tumeshakula. Akauliza lini. Nikasema jana. Akauliza tulikula na nani, maana jana alikula hapa na aliona mchicha. Nikasema mimi na Bright. Mama akamtazama Brightness mwenye meno mawili. Kisha akasema boga lile lilikuwa la kilo sita, Mungu ambariki mtoto.

Nimeponea chupuchupu. Hajashuku kitu!

Jumapili, 15 Juni

Mpango mpya uliozaliwa katikati ya mahubiri. Sarafu nyingi kuliko zote Kilosa ziko wapi? Kapuni! Kila Jumapili zinapita mbele ya macho yangu. Nikajitolea kusaidia kuhesabu sadaka. Mama mkwe ndiye mtunza hazina, akafurahi mbele ya watu kwamba mkwewe ameanza kumjua Mungu.

Tukakaa watatu mezani: yeye, mimi, na Mzee Gabrieli wa baraza la wazee. Nikaazima miwani ya mama ya kusomea, nikaishika mkononi kama kioo cha kukuza. Kila sarafu yenye dalili naitoa, naweka nyingine kutoka pindo la kanga. Mia kwa mia, mia mbili kwa mia mbili. Uaminifu mtupu.

Mzee Gabrieli akaacha kuhesabu. Akanitazama natoa. Akanitazama naweka. Akaniuliza, "Binti, kwani wewe hapo unatia au unatoa?"

Nikasema, "Vyote, shikamoo."

Ilikuwa salamu ya pili kwa siku ile na haikusaidia. Mama mkwe akatazama dari kana kwamba inavuja. Nikaeleza habari za makosa ya kiwandani. Mzee Gabrieli akasema makosa anayoyajua yeye yanaungamwa. Sadaka ikahesabiwa upya mara mbili, haikupungua hata shilingi, nilijua! Lakini kuanzia leo mimi ni wa kupanga maua.

Tukaongozana na mama mpaka njia panda. Hapo akasema maua nayo ni huduma. Ni mama mzuri sana huyu. Nilitamani kumweleza. Sikumweleza.

Jioni Baba Bright kapiga simu. Mathias wangu anapika kwenye kambi moja ya wageni kule Mikumi, anarudi mara moja kwa mwezi. Nikamuuliza kama juu juu tu, hivi wageni wanapenda sarafu? Kasema sana, kuna mama pale kando ya barabara kuu anaitwa Bi Monica, anawauzia za zamani, na anazijua kama mtu anavyojua watoto wake.

Nimeshafunga mzigo.

Jumatatu, 16 Juni

Mikumi! Mama mkwe nimemwambia nimemkumbuka mume wangu. Si uongo, ni sehemu ya ukweli. Brightness mgongoni, kopo kwenye mkoba chini ya nepi.

Mathias alitoka jikoni na aproni yake, akatuona, akasahau sufuria motoni. Akamrusha Brightness juu, akacheka, Brightness akamkojolea, akacheka tena. Akatukaangia viazi na mayai, akakaa kunitazama ninavyokula. Kasema nimekonda. Hiyo tu ingetosha kwa nauli.

Kisha akaona kopo. Nikamweleza kila kitu isipokuwa cherehani. Akajikuna. Kasema, "Mama Bright, wewe lini utapumzika?" Nikasema nikishakuwa tajiri.

Bi Monica ni mnene, mfupi, ana meza yenye kitambaa cheusi na sarafu zimepangwa kama dagaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Kumbe kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha vifungo Morogoro, kwenye mashine ya kugonga. Kasema kifungo cha chuma na sarafu ni ndugu. Kipande cha bati kinalala katikati, chapa moja chini, nyingine juu, paa! Kinachotokea hapo katikati ya paa ndicho kosa. Kinachotokea baada ya hapo ni maisha.

Nikamwaga kopo. Akashtuka. Akauliza, "Nani kaziosha hizi?"

Nikasema kwa fahari, mimi, na limau na majivu.

Akafumba macho muda mrefu. Nilidhani anasali. Alipofumbua kasema hata sarafu yenye kosa la kweli, ukiisugua namna hiyo umeikata bei nusu. Anayenunua anataka ngozi yake ya kuzaliwa.

Nikampa ile ya mstari shingoni. Hakutumia kioo, akapitisha ukucha wa dole gumba. Kasema ukucha umezama. Chapa ikipata ufa, chuma cha sarafu kinaingia ule ufa, kwa hiyo mstari unatokea juu, umevimba, ukucha unapanda. Huu umechimbwa. Mtu alikuwa anafungulia kopo la rangi. "Hili ni kovu, mwanangu. Mimi natafuta baka la kuzaliwa."

Nikampa iliyoumwa ukingo. Akatazama upande wa pili, ng'ambo ya pengo. Kasema bati likikatwa pungufu kabla ya kugongwa, basi ng'ambo yake ukingo nao unatoka dhaifu, haujakaza. Huu umesimama imara kama ukuta. Imepigwa tupa, fundi baiskeli huyo.

Yenye vivuli: chapa iliteleza kidogo wakati wa kugonga, imeburuta herufi, ndiyo maana kivuli ni bapa. Ingekuwa chapa yenyewe imechongwa mara mbili, herufi zote mbili zingekuwa na unene. Akairusha kwenye rundo bila hata kunipa nafasi ya kubisha.

Zile thelathini zilizonona akazisukuma zote kwa kiganja. Kasema chapa imechoka. Imegonga maelfu kwa maelfu bila kubadilishwa, mpaka kingo zake zikalegea, na kila inachozaa kinatoka hivyo. Si kosa, ni uchovu tu. Haununuliki. Hapo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, akamtazama Brightness aliyelala mgongoni mdomo wazi. Kasema, "Lakini uchovu unaujua wewe."

Nikasema naujua, mama. Nusura nilie kwenye kitambaa chake cheusi.

Nikamtolea mfalme. Kifaru mamba! Bi Monica akaishika, akaigeuza, akaanza kutetemeka mabega. Kumbe ni kicheko.

"Kwenu kuna reli?"

Nikasema ipo.

"Basi."

Akacheka mpaka dereva wa lori akaja kuuliza kuna nini, naye akaonyeshwa, naye akacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Sarafu mia moja arobaini na mbili zikaishia kwenye rundo la maisha. Ikabaki moja. Mia ya kawaida kabisa. Haina mkwaruzo, haina pengo, haina kivuli. Nilikuwa nimeidharau tangu mwanzo. Bi Monica akaniambia nisimamishe swala wima, halafu niigeuze kama ukurasa wa daftari. Nikageuza. Kichwa cha upande wa pili kimelala kwa sikio, kama mtu kwenye mto! Kasema kwa kawaida kinasimama. Chapa moja ililegea ikazunguka, na hakuna nyundo wala reli wala limau inayoweza kufanya hivyo baadaye. Hili ndilo kosa.

Kasema isingesuguliwa angenipa elfu arobaini. Sasa elfu ishirini.

Elfu ishirini! Kwa mia! Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Halafu akili ikaurudisha. Mtu anayefunga mdomo haraka kwenye elfu ishirini anaficha milioni. Nikasema nitafikiria. Bi Monica akasema fikiria, akarudi kupanga dagaa zake. Hakuniita nilipoondoka. Nilitembea polepole sana ili aniite.

Sarafu nimeifunga kwenye pindo la kanga. Kwenye kopo nimeweka mia nyingine. Mia kwa mia.

Jumanne, 17 Juni

Nimerudi Kilosa na basi la asubuhi. Moja kwa moja kwa Ziada, siku moja kabla, kifua mbele. Kopo hili, cherehani yangu tafadhali.

Ziada akafungua kopo. Mwanga ukampiga usoni. Akafunika.

Kasema, "Mama Bright, hizi si za baba."

Nikasema ni zenyewe, nimezitakatisha tu. Kasema za baba zilikuwa nyeusi. Yeye anazijua kwa harufu. Hizi zinanuka limau. Kasema nimeuza za marehemu, nimejaza chenji za dukani, kwa hiyo cherehani hainihusu tena, niende salama. Na akaenda kusimama mlangoni mwa chumba ilimo cherehani, mikono kiunoni. Nyuma yake naiona! Mkono wa gurudumu unaning'inia, na foronya moja imekwama kwenye sindano kama samaki kwenye ndoana.

Niliwaza mama yangu. Niliwaza magauni manane. Niliwaza boga.

Nikakaa chini, nikamweka Brightness kwenye mkeka, nikaanza kutoa ushahidi. Nimejifunza jana, ngoja nitumie! Nikampa ya mstari: pitisha ukucha, unazama, ona, limau halichimbi. Nani alikuwa anafungulia makopo ya rangi? Ziada akasema kwa shingo upande kwamba baba alipaka duka kila Idi. Nikampa ya tupa. Akasema hiyo ya fundi mmoja, baba alimkatalia, wakanuniana mwaka mzima. Tukaendelea hivyo. Sauti yake ikawa inashuka.

Mwisho nikamtolea kifaru mamba. Nikasema hii haikutoka kiwandani, hii imepitiwa na treni.

Ziada akaichukua. Akakaa chini pembeni yangu. Kitumbua kikaungua jikoni, asikigeuze.

Kisha akasema ni yeye. Alikuwa na miaka minane, walikwenda kwa bibi yake Munisagara. Baba alimpa hamsini anunue kashata, yeye akaiweka relini aone. Treni ya mizigo ikapita. Baba akamkimbiza mpaka mtoni, akamshika, akaiona sarafu yenyewe, akashindwa kumchapa kwa kucheka. Kasema ndiyo iliyoanzisha kopo. Baba alisema hii hakuna duka litakaloipokea, basi nitaipokea mimi. Alidhani ilipotea siku ya matanga. Ilikuwa nyeusi na imelala chini kabisa, hakuwahi kumwaga kopo tangu mzee aondoke. Hakuweza.

Akalia. Brightness akamtambalia, akamshika pua. Ziada akacheka ndani ya kilio.

Alipokwenda kunitolea cherehani, nilibaki na kopo. Pindo la kanga lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Sarafu moja! Mia! Nikalifungua, nikaitoa koponi mia yangu, nikairudisha yake. Kopo la baba wa mtu. Sikumwambia. Nilijisikia mtu mzuri sana kwa muda wa dakika mbili hivi.

Nyumbani nikakuta kitambaa cha maua kimekunjwa vizuri juu ya meza, na boga halipo. Linachemka jikoni kwa mama. Mama mkwe kasema lilikuwa limeanza kulainika upande mmoja, ingekuwa hasara. Nikauliza alilijua tangu lini. Kasema tangu Alhamisi, kwani yeye ni kipofu? Nikauliza mbona hakusema. Kasema alitaka aone linashonaje.

Tumekula boga na nazi. Tamu! Nimeomba radhi mpaka mama akasema inatosha, kula.

Jumatano, 18 Juni

Leo ningeanza gauni la kwanza. Lakini alfajiri nilipata wazo safi. Nikanunue vitumbua kwa Ziada, nimpe mia tano, niombe chenji za mia kutoka kopo la baba kwa ajili ya kumbukumbu. Ile mia itanirudia kwa njia ya biashara. Hakuna wizi katika biashara.

Nimefika nimechelewa. Ziada kamtundika kifaru mamba kwa uzi mwekundu juu ya jiko, anang'aa. Na kopo liko mezani, tupu nusu! Kasema ananishukuru sana. Miaka yote sarafu zilikataliwa kwa sababu ya weusi tu. Sasa zimetakata, zinapita! Anazitoa chenji tangu saa kumi na mbili, wateja hata hawazitazami mara mbili. Baba angefurahi, kasema. Kumbukumbu anayo moja, nyingine ziende zikafanye kazi.

Mia yangu iko wapi! Nikanunua vitumbua viwili, nikaomba chenji. Nikageuza kama ukurasa. Kichwa kimesimama. Nikanunua viwili tena. Kimesimama. Nikakaa kwenye benchi lake hadi saa saba, nanunua, nageuza. Nikawasimamisha abiria wa treni, naomba kubadilishana nao, mia kwa mia. Mzee mmoja wa kutoka Lumuma akaniuliza kama mimi ni wa serikali. Nikasema hapana. Akasema basi nimwachie mkono.

Vitumbua thelathini na sita. Mama kala sita, wenzake wa kwaya kumi, watoto wa uani wamemaliza vilivyobaki, mimi sitaki kusikia neno mchele. Ziada kasema hajawahi kuuza hivi, Mungu anilipe. Mia haikuonekana. Sasa hivi iko mfukoni mwa mtu, imelala kwa sikio, na mtu mwenyewe atanunulia kiberiti.

Basi. Yamekwisha. Nimemaliza na sarafu. Mtu mwenye cherehani, mtoto mwenye afya, mume anayeunguza sufuria kwa furaha na mama mkwe wa namna hii anatafuta nini kwenye kopo la watu? Najua nilichokuwa nacho. Kesho nashona.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeanza mapema, Brightness kwenye mkeka na mabaki ya kitambaa cha zambarau. Moyo mweupe. Cherehani inaimba. Mama akapaza sauti kutoka chumbani kwake kwamba sasa anaisikia. Upande mzima wa gauni la kwanza umekwisha kabla ya chai!

Nikasimamisha kidogo nitoe nyuzi za foronya ya Ziada. Jua likaingia dirishani, likalala ubavuni mwa cherehani, juu ya yale maua ya dhahabu na jina la kiwanda. Miaka yote nayatazama sijawahi kuyaona. Herufi ziko mbilimbili! Kila moja ina mwenzake pembeni, na ua la kati lina petali kumi badala ya tano.

Nikapitisha ukucha. Haukuzama. Ukapanda! Nikatazama kivuli. Si bapa, zote mbili zina unene. Si kovu hili. Wala si uchovu, maana uchovu hulegeza, hauongezi petali. Limezaliwa nalo, kiwandani kabisa, katikati ya paa!

Mama yangu, Mungu amrehemu, kaniachia mamilioni na hakujua!

Nimesimama pale pale katikati ya mshono. Cherehani ya namna hii haishonewi. Nimetoa sindano, nimekiinua kichwa taratibu, nimekifunga kwa blanketi la Brightness. Nilikuwa na kichupa cha mafuta mkononi, nimekirudisha kabatini, na vumbi nimeliacha lilivyo. Hapo ndipo mtu anapoona faida ya kujifunza: kitu cha thamani hakisafishwi.

Magauni saba na nusu nitayamaliza kwa mkono. Zimebaki siku mbili, na basi la Mikumi linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitashona njiani. Mezani, mahali pa kichwa, nimeweka ndoo.